Herufi Tano Kwenye Ubao wa Kucha

Huruma, Nairobi

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha kumpa mtu mzima kikombe. Mulembe. Kifua chako kinaendeleaje? Kukhu bado anasema ni vumbi la mahindi? Na mguu wa Mama umepona, au bado anauficha chini ya meza akiulizwa? Mimi mwili wangu ni mzima. Nimeandika "mwili" kwa makusudi.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Ukinipigia unapiga kwa simu ya Senge, naye hupanda nayo juu nyumbani, akaweka spika, akasimama mbele yangu amekunja mikono. Ukiuliza "Uko sawa?" najibu "Niko sawa, Baba." Ungetaka nijibu nini, na yeye ananitazama mdomoni? Ndiyo maana barua hii nampa Mama Sifuna, yule muuza omena wa chini ya ngazi zetu, anayekuja huko kwa mazishi ya kwao. Atakuletea mkononi. Isome peke yako kwanza. Usimsomee Kukhu kabla hujafika mwisho, kwa sababu Senge ninayemsema humu ni binti yake. Kwako wewe ni dada yako.

Nimekasirika, Baba. Nakuambia mapema usije ukadhani nitazunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe. Mama aliniuliza nafanya nini huku, nikamjibu "kucha," akacheka, akasema kucha si kazi. Mwambie ni kazi. Saluni ya Senge iko chini kabisa ya ghorofa tunamoishi, kati ya duka la mayai na jamaa anayetengeneza simu. Juu ya mlango pameandikwa Stella. Huku hilo ndilo jina lake lote. Nasimiyu hakuna anayemjua.

Rangi za jeli huja kwenye chupa nyeusi, kwa sababu zikipigwa na jua hugandia ndani. Kwa hiyo mteja haoni kilichomo. Kifuniko cha chupa kina rangi, lakini kinadanganya: kifuniko chekundu kama nyanya, ukikifungua ndani unakuta wekundu wa maini. Ndiyo maana lazima mtu akae atengeneze sampuli, na huyo mtu ni mimi. Nachukua kucha ya plastiki, naikwangua kidogo kwa msasa ili rangi ishike. Napaka maji ya chini, naitia ndani ya taa ile ya mwanga wa zambarau, inaiva. Napaka rangi mkono mmoja, yaani tabaka moja jembamba, taa. Mkono wa pili, taa. Mwisho napaka ya kung'arisha, taa tena, halafu napangusa utelezi kwa spiriti. Ukiwa na haraka ukapaka nene, juu hukauka na chini kukabaki kubichi, ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hapo unaitupa unaanza upya. Zikiisha nazibandika kwenye ubao safu kwa safu, mteja aje aelekeze kidole aseme, "Nataka hii."

Napenda kazi hii. Naona haya kukuambia hivyo ndani ya barua ya hasira, lakini ndivyo ilivyo. Kucha ya plastiki haikuulizi kitu. Nakaa nyuma ya pazia ambako jua halifiki, na nikiwa nimeshika brashi mkono wangu hautetemeki hata kidogo. Wewe unanijua: mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani narudi bila chumvi kwa sababu mwenye duka hakuniangalia, nami sikuthubutu kumwita. Nyuma ya pazia lile nilikuwa mtu.

Sasa nisikilize.

Siku niliyoondoka ulinishika bega pale stendi ukasema, "Senge ni mimi niliyevaa rinda. Akikutuma, ni mimi nimekutuma. Usimwite kwa jina hata siku moja." Nililishika neno lako. Asubuhi yangu ya kwanza saluni, wateja wamejaa mpaka kwenye benchi la mlangoni, nikabeba beseni la kunawia nikauliza kwa sauti, na unajua ni nadra mimi kuuliza kitu kwa sauti: "Senge, maji niweke wapi?"

Saluni yote ikalipuka.

"Ai! Madam! Umetusiwa ndani ya duka lako mwenyewe!"

"Na beseni amelishika kwa heshima kabisa!"

"Manze, huyu ametoka ocha na moto," akasema Kevo, ocha akimaanisha huko kwetu mashambani. Kevo ndiye fundi mkuu wa kucha hapa. Ni mwanamume, usishangae, huku wanaume ndio wenye mkono mwepesi. "Hata salamu hajatoa, ameanza na matusi!"

Baba, neno letu la heshima huku mjini ni tusi. Tena si la kuchezea. Maana yake sitaiandika kwenye karatasi utakayoishika wewe. Muulize kijana yeyote wa bodaboda hapo sokoni, ataanza kuangalia viatu vyake. Mimi sikujua. Ningejuaje? Shuleni Kiswahili chetu kilikuwa cha vitabuni, na nyumbani tunasema lugha yetu. Nilisimama na beseni maji yakinimwagikia miguuni, nikamtazama Senge anitoe pale.

Angenitoa kwa sentensi moja. "Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomwita shangazi yake." Basi. Wangecheka kidogo wakaishia hapo. Yeye analijua neno hilo kuliko mimi, alikuwa akimwita nalo dada ya Kuka, baba yenu, mpaka siku walipomzika. Badala yake alicheka pamoja nao. Alicheka, Baba, akatikisa kichwa akawaambia, "Hawa wasichana wa kazi wa siku hizi! Unamtoa mtu mashambani, hata adabu hana." Nilipoliweka beseni kando yake, akanifinya mkono chini ya meza. "Niite Madam," akaninong'oneza.

Msichana wa kazi. Asiye na adabu. Nami nilikuwa nimempa adabu yote uliyonifungia safari.

Tangu siku hiyo nilifunga mdomo. Kevo akanipa jina, Kimya. "Kimya, leta taa." "Kimya, spiriti imeisha." Wateja nao wakapata mchezo wao, maana walishajua ninakotoka.

"Kimya, hebu sema biringanya."

"Hatasema! Anajua itatoka piringanya!"

Basi kabla sijasema neno ninakagua kwanza kama lina b ndani yake. Umewahi kuishi siku nzima bila b? Huwezi kuomba hata birika. Naye Senge anakaa pale na kipambo chake kichwani, b zake zote zimenyooka kama zimepigwa pasi, anacheka na wao. Ilimchukua miaka kuzinyoosha, Kukhu aliwahi kunisimulia. Ningemwelewa kama angeninyooshea na mimi kwa siri. Hakuninyooshea. Aliwaacha wacheze.

Nilivumilia. Nilisema hasira ni yangu, naipaka mikono myembamba, itaiva yenyewe.

Halafu ikaja kazi ya Kaloleni. Huko ni kwa watu wa reli wa zamani, nyumba za chini za mawe, ukumbi katikati. Binti mmoja anayeitwa Metrine anaolewa, na marafiki zake walipanga kumfanyia sherehe ya wanawake kwenye ukumbi ule kabla ya harusi. Waliita wenye saluni watatu, kila mmoja alete ubao wake wa rangi, bibi harusi na wasimamizi wake wachague nani atawafanyia kucha. Senge aliitaka kazi hiyo sana. Aliniambia, "Tengeneza ubao mpya. Kila kitu upya. Na safu ya chini weka herufi, jina langu lote, S mpaka A, nyeupe juu ya nyekundu."

Nilitengeneza. Baba, laiti ungeuona ubao ule. Nilianza juu na nyeupe za aina aina: ya maziwa, ya unga, ya mfupa. Nikashuka kwenye rangi za ngozi, nyingi, mpaka kuna moja ilikuwa ngozi ya Mama kabisa, nikaiweka katikati. Kisha nyekundu, zambarau, kijani cha majani ya kunde, mpaka nyeusi. Kulikuwa na zile zinazoitwa jicho la paka. Zina unga wa chuma ndani. Unaipaka, halafu kabla hujaitia taani unaisogezea sumaku, na unga wote unakimbilia mahali pamoja ukafanya mstari unaong'aa kama jicho usiku. Ukichelewa, mstari unatawanyika. Vidole viliniwasha na kuchubuka wiki nzima mpaka Kevo akanipa glavu zake. Na chini nikaandika STELLA, kucha sita, herufi moja kila kucha.

Siku moja kabla ya sherehe akaja mteja mmoja wa kila mara, mama mwenye kucheka sana. Akausimamia ubao akisema, "Wololo! Madam, huu ni wewe?" Senge akajibu, "Ni mimi. Huyu hunishikia tu taa." Hilo ningelimeza, nimemeza makubwa zaidi. Lakini yule mama akanigeukia, akanitazama, akamtazama Senge, kisha mimi tena.

"Na huyu ni nani wako? Mbona mna pua moja?"

Unaijua pua ile, Baba. Ni ya Kuka. Wewe unayo, Senge anayo, mimi ninayo, mdogo wangu Wekesa ataipata akikua. Hata kwenye picha ya Kuka iliyofifia ukutani, pua ndiyo iliyobaki. Nilisubiri. Nilisema moyoni, sasa hivi hana pa kupita, labda atasema.

Senge akajigusa pua. Akasema, "Pua ni pua. Huyu nililetewa tu na mama mmoja wa kanisani, alikuwa anatafuta pa kukaa."

Alilisema bila kupepesa macho. Kukhu alinifungia kuku na unga wa wimbi nije kwa binti yake, wewe ulitoa muda wako wote wa palizi kunisindikiza, na yeye akanifanya mtoto wa kuokotwa mlangoni mwa kanisa. Akamkana na Kuka mwenyewe.

Sasa ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole.

Asubuhi ya sherehe, yeye akiwa juu anavaa, nilichukua kisu kidogo nikazibandua kucha tano. Nikaiacha S. Nikawasha taa. Nikapaka nyekundu mikono miwili, nikaandika herufi zangu kwa nyeupe, nikaziivisha, nikazibandika. S, E, N, G, E. Ya sita niliiacha nyekundu tupu. Nikaufunika ubao kwa leso, nikaukumbatia mpaka tuktuk ikaja.

Unaweza kudhani nilitaka kumkumbusha yeye ni nani. Mwalimu angependa niseme hivyo. Hapana, Baba. Sikuliandika kwa lugha yetu. Nililiandika kwa lugha ya saluni. Nilitaka ukumbi mzima ucheke na yeye asimame pale na beseni lake.

Na walicheka. Senge alipoivuta ile leso mbele ya watu, wasichana walisogea, macho yakapanda juu kwenye nyeupe, yakashuka, yakashuka, mpaka mmoja akapiga kelele kama aliyemwagiwa maji.

"Woi! Mmeona chini kumeandikwa nini?"

"Piga picha! Piga picha kabla hajatoa!"

"Hii saluni ni ya kina nani jameni?"

Senge aliinama kuangalia. Niliuona uso wake ukiisoma ile herufi ya pili, ya tatu. Alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama kando ya viti, na kwa mara ya kwanza tangu nije Nairobi sikuangalia chini. Nilifurahi. Nakuungamia, nilifurahi sana.

Sasa, kwenye kiti cha mbele, kile chenye kitambaa, alikuwa ameketi mama mmoja mnene mwenye kilemba, mjane wa mtu wa reli. Alikuwa anakula samosa. Akaiweka chini, akapangusa vidole kimoja kimoja, akauliza, "Mnacheka nini?"

Wasichana wakasukumana.

"Metrine. Mimi ni nani wako?"

"Aunty," akasema bibi harusi.

"Aunty ni mtu wa kwenye televisheni. Mimi ni nani wako? Baba yako ananiitaje nikija, anawaambia nani amefika?"

Metrine akatazama vidole vyake. "Senge," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu.

"Haya, cheka sasa. Mimi hapa. Kesho kutwa nani atakupeleka chumbani akufundishe mambo ambayo mama yako hawezi kukuambia? Ni hao unaopiga nao picha?"

Ukumbi ukawa kama kanisa wakati wa matangazo ya kifo. Yule mama akainuka, akaja mpaka kwenye ubao, akaipapasa kila herufi kwa ncha ya kidole. Kisha akamgeukia Senge akamsalimu kwa lugha yetu, salamu ile ndefu, ya kuulizana mpaka ng'ombe. Baba, Senge aliijibu yote. Hakukosea mahali. Yule mama akamwambia, "Nimekaa mji huu tangu treni zikiwa za mvuke, sijaona mtu akiandika cheo hicho kwenye ubao wake. Nani amekuandikia?"

Hapo ndipo dada yako alipofanya jambo ambalo hasira yangu imelikalia mpaka leo.

Alinifuata kwenye viti. Akanishika mkono, mkono uleule aliofinya. Akanivuta mbele ya watu wote akasema, "Huyu. Mwana wa kaka yangu mkubwa. Naliaka. Nimemfunza mwenyewe. Mwangalieni hata pua." Na akalia! Machozi ya kweli, yakashuka mpaka kwenye poda. Yule mama akatukumbatia sisi wote wawili, nikabanwa katikati ya vifua vyao nikiwa siwezi kupumua. Wasichana wakapiga vigelegele. Kazi tukaipata palepale, hata mbao za wale wengine wawili hazikufunuliwa vizuri.

Nilirusha jiwe, likaokotwa na mtu likawekwa msingi wa nyumba ya yule niliyemrushia. Hata tusi langu alilichukua, akalifanya lake.

Tukapanda tuktuk kurudi. Tulipokaribia Mathare Senge akasema bila kunigeukia, "Ulijua watacheka."

"Ndiyo."

"Ulitaka wanicheke."

"Ndiyo, Senge."

"Wewe mtoto, unataka kuniharipia kazi?" Aliposema hivyo p yake ilikuwa imerudi nyumbani, wala hakuisikia. "Miaka yote nimejenga hiyo kazi na mikono yangu, unataka kuiharipu na herufi tano?"

"Kule Kaloleni umesema mimi ni mwana wa kaka yako."

"Kwani si kweli?"

"Na Huruma?"

Dereva wa tuktuk akazima redio, nadhani ili asikie vizuri.

"Huruma ni Huruma," akasema Senge. "Hujui nilivyochekwa mimi nilipokuja. Wewe umechekwa na benchi moja. Mimi nilichekwa na mtaa mzima, na nilikuwa sina mtu wa kumlilia. Kesho asubuhi rudisha jina langu."

Unaona, Baba? Alichekwa. Anajua inavyouma, hata mahali inapouma anapajua. Na alipoona inanijia mimi, akasogea kando ipite. Ukitaka nimhurumie, nipe muda. Leo siwezi.

Kesho yake nilirudisha jina lake kwenye ubao. Nilibandua tano zangu, nikapaka T, E, L, L, A, kwa sababu ubao ni wake na duka ni lake. Lakini kulikuwa na jicho la paka moja, ya kijani, ambayo ilikuwa imepata mkwaruzo kwenye tuktuk, nikaamua kuitengeneza upya. Saluni ilikuwa imejaa. Yule mama wa kucheka sana alikuwepo, miguu kwenye beseni. Kevo alikuwa anapiga msasa. Nikapaka mkono wa mwisho, nikapapasa nyuma ya pazia kutafuta sumaku. Haikuwepo. Ilikuwa mbele, mezani kwa Senge, kando ya kiwiko chake, na yeye anamhudumia mteja. Rangi ilikuwa mbichi mkononi mwangu. Ule unga wa chuma hausubiri mtu kupanga maneno.

Nikafungua pazia. Nikasema, si kwa kunong'ona, "Senge, naomba sumaku."

Walilipuka kama siku ile ya kwanza. "Kimya ameongea!" "Ai, na amerudi na lilelile!" Yule mama alimwaga maji sakafuni. "Madam! Leo utamfuta kazi au utamsamehe?" Kevo peke yake hakucheka. Alisimamisha msasa, akawa anamtazama Senge, maana yeye ana masikio na alikuwa amesikia habari za Kaloleni.

Mimi sikurudi nyuma ya pazia. Nilisimama na ile kucha ya kijani kwenye kidole, naiona inaanza kutulia bila mstari, nikamtazama pua kwa pua.

Senge aliiokota sumaku. Aliishika kidogo. Kisha akanyoosha mkono, juu ya bega la mteja, akanipa.

Hakusema "huyu ni mwana wa kaka yangu." Hakusema pia "hana adabu." Hakuniangalia. Alinipa tu, akarudi kwenye kucha alizokuwa akizifanya, na mimi nikaiwahi ile rangi, mstari ukasimama.

Najua utasema si haba. Kukhu pia atasema si haba, atashukuru Mungu na kupiga makofi. Mimi nasema ni haba, Baba. Ni haba sana. Kaloleni nilipewa jina, pua na kaka mkubwa, kwa sababu vilikuwa na faida. Huruma nimepewa sumaku. Kati ya Kaloleni na Huruma ni mwendo wa tuktuk tu, na sitaki kuwa watu wawili kwa mwendo mfupi hivyo.

Sikuombi unirudishe. Kazi naipenda na nitaijua mpaka mwisho. Sitaki pia umgombeze, akikasirika atanichukia kimya kimya na kimya ninacho cha kutosha. Nataka jambo moja. Usipige tena jioni. Piga Jumamosi mchana, wakati benchi la mlangoni limejaa na yeye ana mkono wa mtu mkononi. Asipopokea, piga tena. Akisema "nitakupigia nikipanda juu," mwambie, "Hapana, nipe mwanangu hapo hapo ulipo." Watamuuliza ni nani anayepiga. Nitakuwa nyuma ya pazia, brashi chini, nasikiliza atajibu nini. Hilo tu. Na akijibu vizuri, nitaitoa hasira hii taani, naona itakuwa imeiva.

Mfikishie salamu Mama, mwambie kuna rangi inayofanana naye na wateja wanaipenda bila kujua ni nani. Kukhu, mpe mikono yote miwili, na umwambie unga wa wimbi ulifika salama. Wekesa ndugu yangu mdogo, aache kuficha madaftari kwenye ghala. Khocha, kaka yake Mama na mpiga tarumbeta wa kanisani, mwambie huku wanapiga mpaka usiku lakini hawamfikii. Na mwenye duka la chumvi, nisalimie naye, umwambie nimejifunza kuita.

Mimi niliyetoka kwenye damu yako,

Naliaka,
mwana wa kaka yake Nasimiyu.